Kibali cha Mganga: Historia ya Kusimamia Tiba Asili Tanzania

Katika vituo vingi vya daladala, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, nguzo za umeme zimepigiliwa vibao vidogo vya bati au mbao. Kimoja kinamtangaza mganga kutoka Sumbawanga, kingine mganga kutoka Tanga au Pemba. Anatibu kisukari na nguvu za kiume, anazindika nyumba, anarudisha mali iliyoibwa na mpenzi aliyeondoka. Chini kuna namba ya simu. Mtu mmoja, kwenye kibao kimoja, anaahidi kuponya mwili, kulinda mali na kumaliza ugomvi wa nyumbani.

Serikali yenye wajibu wa kuwalinda raia wake ina kazi ngumu mbele ya kibao hicho. Yupo mganga aliyejifunza mitishamba kwa bibi yake kwa miaka mingi, na yupo anayeishi kwa kuwauzia wagonjwa hofu. Sheria itawatenganishaje? Na nani mwenye haki ya kuamua? Maswali haya yana zaidi ya miaka mia moja katika nchi inayoitwa leo Tanzania Bara, na majibu yaliyowahi kutolewa yanafundisha jambo moja: kila utawala ulipomwogopa mganga ulimpiga marufuku, na kila ulipompiga marufuku ulipoteza nafasi ya kumjua.

Tuanze kabla ya wakoloni, kwa sababu usimamizi haukuletwa na meli. Katika jamii nyingi mganga alijulikana kwa ukoo wake, kwa mwalimu aliyemfundisha na kwa wagonjwa aliowaponya. Kazi zenyewe ziligawanyika: palikuwa na wakunga, mafundi wa kuunga mifupa, wajuzi wa mizizi na majani, na wapiga ramli waliotafuta chanzo cha maradhi. Pwani walikuwepo pia walimu walioandika aya kwa zafarani kwenye sahani, wakaosha maandishi kwa maji na kumnywesha mgonjwa kombe hilo. Mara nyingi malipo makubwa yalisubiri mgonjwa apone, na aliyeshindwa mara kwa mara alikosa wateja. Ulinzi ulitokana na kufahamiana.

Hata hivyo, utaratibu huo haukuwa salama kwa kila mtu. Aliyetuhumiwa uchawi angeweza kunyweshwa mwavi, yaani sumu ya kupimia ukweli, na wengi walikufa bila kosa. Kufahamiana kulimlinda mgonjwa, lakini kulimwacha peke yake mtu ambaye kijiji kizima kimemgeuka. Udhaifu huo tutaukuta tena mbele.

Utawala wa Kijerumani ulimtazama mganga kwa jicho la usalama, na sababu yake kubwa inajulikana. Mwaka 1904 na 1905, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu dawa ya maji. Makundi yalimiminika kutoka nchi ya Wamatumbi na mbali zaidi, yakiamini kwamba dawa ile ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu hao walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, na dawa iliwapa kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: jambo moja la kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini vita ilikuwa imeshaanza. Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907, na watu wengi mno walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Tangu hapo, machoni pa watawala, mganga alikuwa mtu anayeweza kukusanya umati. Swali la kama dawa yake inaponya au inadhuru liliwekwa kando, na lililoulizwa ni kama mtu huyu anaweza kuleta vita. Mgonjwa hakuwemo katika hesabu hiyo.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walirithi hofu hiyo, wakaipa sura ya kisheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo kwa marekebisho kadhaa ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, ilijengwa juu ya wazo kwamba uchawi hauna nguvu yoyote ya kweli, ila kudai kuwa nao kunaleta madhara ya kweli. Kwa hiyo ilimtia hatiani anayedai kuwa na nguvu za siri au kuwa na vifaa vya uchawi, na pia anayemwita mwenzake mchawi nje ya vyombo vya dola. Mkuu wa wilaya alipewa hata uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa kutoka kijijini kwake.

Kwa mwanasheria wa London mpango huo ulikuwa na mantiki, lakini vijijini ulionekana kinyume kabisa. Watu waliamini kwamba wachawi wapo na kwamba mganga ndiye anayewafichua, hivyo sheria iliyomwadhibu mfichuaji ilionekana kuwalinda wauaji. Jinsi watu wa pwani walivyompa heshima mganga wa namna hiyo inaonekana katika Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail uliochapishwa Oxford mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Peter Lienhardt. Humo mganga ni mtu wa kutegemewa, anayefichua uovu uliowashinda wengine. Sheria na jamii zilimtazama mtu yuleyule, moja ikaona mhalifu na nyingine ikaona mlinzi.

Wakati huohuo sheria za kikoloni kuhusu madaktari ziliacha mlango wazi. Zilimkataza mtu asiyesajiliwa kujiita daktari, lakini hazikumzuia mtu kutibu kwa njia za kienyeji, ili mradi jamii yake inamtambua kuwa amefunzwa kazi hiyo, anatibu miongoni mwa watu wake, na tiba yake haihatarishi maisha. Kibali, kwa maana hiyo, kilitoka kwa majirani. Inawezekana watawala walifanya hivyo kwa kuheshimu mila, ingawa maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hawakuwa na zahanati za kutosha, na mgonjwa aliyetibiwa na mganga hakuigharimu serikali hata senti. Vyovyote iwavyo, msamaha huo ulifaa pale tu mganga na mgonjwa walipokuwa wa kijiji kimoja. Mganga akipanda basi na kufungua chumba mjini, majirani waliomtambua hawapo tena.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akisema kwamba wakoloni walikuwa wamewafundisha Waafrika kudharau vya kwao. Uganga uliangukia huko. Kwa miaka mingi mganga aliyetaka karatasi rasmi aliipata kwa afisa utamaduni wa wilaya, mtu yuleyule aliyeshughulikia vikundi vya ngoma. Uganga ulipata heshima mpya, lakini afisa huyo hakuwa na ujuzi wa kupima kama mzizi una sumu wala kama mganga anatambua dalili za kifua kikuu. Kibali kilisema mganga ni sehemu ya utamaduni, na hakikusema lolote kuhusu usalama wa mgonjwa. Kenya nayo ilifuata njia inayofanana, na waganga wa mitishamba wakaandikishwa na idara ya utamaduni.

Hatua ya kisayansi ilikuja mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 kitengo hicho kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Wanahistoria hawaelezi kwa namna moja kwa nini serikali iligeukia utafiti. Wapo wanaosisitiza siasa ya kujitegemea, kwamba nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 isingependa kutegemea vidonge vya kununuliwa nje. Wengine wanataja mfano wa China, rafiki mkubwa wa Tanzania, ambako tiba za jadi zilifundishwa vyuoni. Kisha kuna msukumo wa dunia, kwani mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa sehemu ya huduma ya afya ya msingi panapohitajika. Tarehe zenyewe zinatusaidia kupima: kitengo cha Muhimbili kilitangulia Alma-Ata kwa miaka minne, kwa hiyo mkutano uliimarisha wazo ambalo Tanzania ilikuwa nalo tayari.

Miaka ya 1980 na 1990 ilibadilisha kila kitu. Uchumi uliyumba, dawa zikaadimika hospitalini na wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Mwaka 1991 serikali iliruhusu tena hospitali binafsi za kibiashara, zilizokuwa zimefungiwa tangu 1977. Muda si mrefu redio na magazeti binafsi yakaongezeka, na matangazo ya waganga yakapata pa kupita. Mganga wa mjini sasa alitibu watu asiowajua na ambao hawakumjua, na ule ulinzi wa zamani wa kufahamiana ukavunjika.

Juu ya hayo ukaja UKIMWI. Hospitali hazikuwa na dawa ya kuutibu, na wagonjwa walikwenda kwa waganga. Baadhi ya waganga walidai kuuponya, wakawafilisi watu waliokuwa wakifa. Lakini Tanga palitokea jambo tofauti. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari na waganga wa mkoa huo walifanya kazi pamoja: waganga walitoa dawa za mitishamba za kupunguza magonjwa nyemelezi na kurudisha hamu ya kula, walifundishwa juu ya maambukizi, na wagonjwa walielekezwa hospitali ilipobidi. Mpango huo ulionyesha kwamba mganga anayekaribishwa anaweza kufundishika na kuonekana anachofanya.

Uzoefu wa namna hiyo, pamoja na sera ya afya ya 1990 iliyotambua mchango wa tiba asili, ulizaa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002. Zimbabwe ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi, kwa kutunga sheria ya waganga wa jadi mwaka 1981. Sheria ya Tanzania iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya wizara ya afya, ikaweka msajili, na ikafanya kutibu bila kusajiliwa kuwa kosa. Ilitaka vitu vitatu viandikishwe: mganga mwenyewe, kituo chake, na dawa anazouza.

Inafaa kuutazama utaratibu huo kwa karibu. Mganga huanza kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, wanaothibitisha kwamba wanamfahamu na kwamba kweli anatibu. Hujaza fomu na kuambatanisha picha, kisha maombi hupitia kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya, ambaye yupo chini ya mganga mkuu wa wilaya, ndipo yafike kwa Baraza. Dawa inayotengenezwa kwa ajili ya soko hupelekwa kupimwa, ikiwemo katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako hutazamwa kama ina sumu, madini mazito au vimelea. Utaona kwamba hatua ya kwanza ni ileile ya kale, ushahidi wa majirani, na hatua ya mwisho ni ya maabara. Hii ndiyo nguvu ya sheria ya 2002. Udhaifu wake ulikuwa utekelezaji: kwa miaka mingi makadirio yaliyotajwa yalikuwa kama waganga 75,000 nchini, huku ofisi ya kuwaandikisha ikiwa changa na watumishi wake wachache.

Kabla sheria haijashika mizizi, msiba ukaja. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema, akifanya kazi na BBC, alijifanya mfanyabiashara na kuwaendea waganga mkoani Mwanza. Alielezwa kwamba angeweza kupatiwa dawa yenye viungo vya binadamu, na bei ilianzia dola 2,000. Baada ya habari hiyo kutangazwa alipata vitisho na kulazimika kujificha.

Kwa nini mauaji hayo, na kwa nini wakati ule? Maelezo ya kwanza huwataja waganga: bila anayeagiza kiungo, hapana anayekitafuta. Maelezo ya pili hutazama machimbo ya dhahabu na almasi na uvuvi wa sangara katika Ziwa Victoria, ambako watu walitajirika ghafla na wengine wengi wakabaki mikono mitupu, kila mmoja akitafuta bahati. Maelezo ya tatu hukumbusha kwamba ukanda huohuo ulikuwa na historia ndefu ya kuwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Maelezo haya hayapingani. Mganga mwovu alikuwa dalali kati ya mwenye tamaa na muuaji, na alistawi pale ambapo fedha mpya zilikutana na desturi ya zamani ya kumtoa kafara mnyonge.

Serikali ilichagua maelezo ya kwanza pekee. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wote nchini. Mkunga wa jadi, muuza mitishamba na mpiga ramli waliwekwa kapu moja. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na uzito wa msiba ule unaeleza kwa nini uamuzi mkali ulipendwa na wengi. Lakini tuangalie ulivyofanya kazi. Mwenye kibali alikuwa na jina, picha na anwani serikalini, hivyo ndiye aliyezuiwa kwa urahisi. Aliyeagiza viungo vya watu hakuwahi kuomba kibali, na hakuwa na cha kunyang'anywa. Wagonjwa waliendelea kutibiwa kwa siri, na mwaka 2010 marufuku iliondolewa. Haki ilipopatikana, ilitoka mahakamani: Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino, baada ya polisi kukusanya ushahidi juu ya watu mahususi.

Mtihani wa pili ulikuwa wa aina nyingine. Mwanzoni mwa 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Alisema alioteshwa na Mungu, na alitoza shilingi 500. Habari zilienea hadi Kenya na kwingineko, mawaziri na wakuu wa serikali wakaenda kunywa, na foleni ya magari katika barabara ya vumbi na matope ikafika kilometa nyingi. Wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini walikufa njiani kabla ya kufikia kikombe. Wengine waliacha dawa za kufubaza virusi au za kisukari wakiamini wamepona.

Bei ya Babu wa Loliondo haikumfilisi mtu, na hakumtuhumu mtu yeyote uchawi. Hata hivyo watu waliumia. Madhara yalitoka kwenye ahadi isiyopimwa, kwenye safari bila huduma, na kwenye matibabu yaliyosimamishwa. Serikali haikumfungia, na mwenyewe aliwaomba wageni wapya wasije hadi foleni ipungue; serikali ilipeleka watafiti na ikawasihi wagonjwa wasiache dawa zao. Ushauri huo ulikuwa sahihi, ila ulichelewa, kwa sababu viongozi wengine walikuwa wameshapiga picha na kikombe mkononi.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza tena, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza Januari 2015 marufuku mpya, na kufikia Machi zaidi ya waganga 200 wasio na vibali walikuwa wamekamatwa. Safari hii mkazo ulikuwa kwa wasiosajiliwa na kwa ramli chonganishi, yaani ramli inayomtaja jirani au ndugu kuwa ndiye mchawi. Hiyo ilikuwa hatua mbele, kwa kuwa iligusa kitendo kinachoua badala ya kugusa kazi nzima. Mwishoni mwa mwaka huo wizara ya afya, kupitia Naibu Waziri Hamisi Kigwangalla, ilizuia matangazo ya tiba asili redioni na kwenye televisheni na kuwataka waganga wasajili dawa zao. Orodha ya dawa zilizosajiliwa ilianza kupatikana miaka michache baadaye.

UVIKO-19 ulipofika mwaka 2020, tiba asili ilijikuta katikati ya siasa za nchi. Watu walijifukiza nyungu, na taasisi za serikali zenyewe zilitengeneza dawa za mitishamba, kama NIMRCAF ya taasisi ya utafiti wa magonjwa na Covidol ya Muhimbili. Tangu hapo huduma za tiba asili zimeanza kuingizwa katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa, ili mgonjwa apate dawa iliyopimwa mbele ya daktari anayejua anachotumia. Hata hivyo Sheria ya Uchawi ya 1928 na Sheria ya Tiba Asili ya 2002 zingali zinatumika bega kwa bega, na mpiga ramli amebaki katikati: sheria moja inamwona mhalifu, huku nyingine ikiweza kumsajili kama mganga.

Tukizipima hatua hizi zote pamoja, ukali unaonekana ulifanikiwa pale tu ulipomlenga mtu kwa kosa lake, na ulishindwa kila ulipoilenga kazi nzima. Usajili, kwa upande wake, unalinda ukitimiza masharti matatu. Uanze kwa majirani wanaomjua mganga. Uende hadi maabara inayoweza kupima dawa yake. Na uwe na maafisa wa kutosha wilayani wa kurudi kumkagua, kwa kuwa cheti kisichokaguliwa humpa tapeli ukuta wa kujitundikia sifa. Sharti la kwanza tulilirithi kwa mababu, la pili tumelijenga tangu 1974, na la tatu ndilo lenye upungufu mkubwa hadi leo. Watu wenye ualbino, vikongwe na wagonjwa maskini ndio wanaolipa gharama ya upungufu huo, kwa hiyo bajeti ya mratibu wa tiba asili wa wilaya ihesabiwe kuwa sehemu ya ulinzi wa uhai wao.